Kompyuta ni yako, programu umepanga

MWENYE duka jijini Nairobi huzijua leseni zake kama anavyowajua wanawe. Kibali cha kaunti kimetiwa fremu na kutundikwa ukutani, na ikiwa anauza chakula, basi cheti cha afya kiko karibu na jiko. Askari wa kaunti wakipita hana haja ya kupekua makabati. Hunyoosha kidole tu. Lakini hebu muulize mtu huyo huyo leseni za programu zilizomo katika kompyuta zake ziko wapi, zinamalizika lini na zinamgharimu pesa ngapi kwa mwaka. Wengi watakujibu, "Hayo muulize yule kijana wa kompyuta."

Na yule kijana wa kompyuta, msomaji, aliacha kazi mwaka juzi.

Juma hili tutazame gharama hiyo isiyotundikwa ukutani. Inawahusu wenye maduka ya dawa, shule za watu binafsi, afisi za mawakili na wahasibu, wapiga picha za arusi, na hata mama anayeshona sare za shule nyumbani na kuwaandikia wateja wake ankara kwa kompyuta ya mwanawe. Familia nyingi za jijini siku hizi zina biashara ya aina fulani pembeni, na ni nadra biashara hiyo kuendeshwa kwa kalamu na kitabu cha risiti pekee.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Unaponunua kiti, kiti ni chako. Waweza kukikalia, kukiuza ama kukipasua kuni. Programu haiko hivyo. Unapoilipia hununui programu bali ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hiyo ina masharti: kwa kompyuta ngapi, kwa watu wangapi, kwa muda gani na kwa kazi ya namna gani. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inaihesabu programu ya kompyuta miongoni mwa kazi za uandishi, pamoja na vitabu. Kununua kitabu hakukupi haki ya kukipiga chapa upya, na kulipia programu ya kompyuta moja hakukupi haki ya kuitia katika kompyuta sita za afisi.

Mambo hayakuanza hivyo. Katika siku za kompyuta kubwa zilizojaza chumba kizima, programu zilikuja pamoja na mashine bila kuwa na bei yake, mpaka Juni 1969 kampuni ya IBM ilipotangaza kwamba ingeanza kuuza baadhi ya programu kando. Mnamo 1976 kijana aitwaye Bill Gates aliandika barua ya wazi akiwalaumu wapenzi wa kompyuta kwa kunakili programu yake bila kulipa. Wakati huo watu wengi walimwona mchoyo. Sote tunajua alikofika.

Waliokuwa wakifanya kazi za afisi miaka ya 1990 watakumbuka jinsi programu ilivyokuja katika kasha. Ndani mlikuwa na disketi au CD, kitabu cha maelezo, na kikaratasi chenye namba ndefu ambacho ukikipoteza umekwisha. Ulilipa mara moja. Ukiridhika na Office 97 uliweza kukaa nayo miaka kumi, na hakuna aliyekupigia hodi kudai zaidi. Toleo jipya lilipotoka, ni wewe uliyeamua kulinunua au kuliacha.

Mpango huo umekuwa ukifa polepole. Juni 2011 Microsoft ilianzisha Office 365, inayolipiwa kwa mwezi au kwa mwaka. Mei 2013 Adobe, wenye Photoshop, wakatangaza kwamba matoleo mapya yangepatikana kwa kulipia ada tu, na toleo la CS6 likawa la mwisho la kununuliwa mara moja. Autodesk, wenye AutoCAD inayotumiwa na wachoraji ramani na wahandisi, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zao nyingi mwanzoni mwa 2016. VMware nao, baada ya kununuliwa na Broadcom, wakaziacha Desemba 2023. Kwa lugha ya Nairobi ni kwamba tulikuwa na nyumba zetu, sasa tumekuwa wapangaji. Kompyuta ni yako na risiti unayo, lakini programu umepanga. Na mpangaji yeyote wa Umoja au Pipeline anajua mambo mawili: kodi hupanda, na asipolipa mlango hutiwa kufuli.

Sisemi kwamba upangaji ni uovu. Kasha kubwa la CS6, lenye programu zote za Adobe, liliuzwa dola 2,599 huko Marekani. Ni kijana gani anayeanza kutengeneza kadi za arusi River Road angezipata? Kulipa kama dola 50 kwa mwezi, ambayo ndiyo iliyokuwa bei mpango mpya ulipoanza, kulimfungulia mlango uliokuwa umefungwa. Tena hupata kila toleo jipya, na kompyuta ikiibwa hapotezi programu. Ila afanye hesabu: baada ya miezi 52 atakuwa amelipa bei ya kasha zima, na mwezi wa 53 ataendelea kulipa. Wengi wetu hatufiki kwenye mwezi wa 52 katika mawazo yetu. Tunaona dola 50 za mwezi huu, tunasema haba na haba hujaza kibaba, na tunasahau kwamba kibaba kinachojazwa ni cha mtu mwingine.

Hapo ndipo inapoingia dola, na kwetu sisi Wakenya hilo ndilo jambo linalouma zaidi. Tuchukue afisi ya watu 10 waliokuwa wakitumia mpango mdogo wa biashara wa Microsoft, ule uliokuja kuitwa Business Basic. Mwanzoni mwa 2020 bei ilikuwa dola 5 kwa mtu kwa mwezi, yaani dola 600 kwa mwaka kwa wote 10. Dola ilikuwa karibu Sh101, kwa hivyo mwenye afisi alitenga kama Sh60,600 kabla ya ushuru. Machi 2022 Microsoft ikapandisha bei hadi dola 6. Nani atashtuka kwa dola moja? Kisha shilingi ikaanza kuteleza, na kufikia Januari 2024 dola ilikuwa karibu Sh160. Watu ni wale wale 10, viti ni vile vile, barua pepe ni zile zile, lakini sasa ni dola 720 mara 160, jumla Sh115,200. Gharama imekaribia kuwa maradufu katika miaka minne bila ya karani hata mmoja kuongezwa. Baadaye mwaka huo shilingi ilipata nguvu, hasa baada ya serikali kukopa upya Februari na kuanza kulilipa lile deni la Eurobond lililokuwa limekaribia kuiva, na dola ikarudi karibu Sh129. Gharama ile ile ikashuka hadi Sh92,880. Ongeza VAT ya asilimia 16 juu ya kila jumla niliyoitaja.

Mwenye afisi hakufanya lolote kupandisha gharama hiyo wala kuishusha. Ilipanda na kushuka kwa sababu ya maamuzi ya Marekani na ya Hazina Kuu yetu. Ndiyo maana nashangaa ninapoona bajeti ya biashara ndogo imeandikwa "Kompyuta, Sh60,000" kila mwaka, kana kwamba ni mshahara wa mlinzi. Gharama ya programu yafaa iandikwe kwa dola kwanza, idadi ya watu kando yake, kisha shilingi za siku hiyo, na kitu cha akiba juu ili dola ikipanda ghafla usilazimike kukopa. Hata wakala wa hapa nchini anayekutoza kwa shilingi huwa ameanzia kwenye dola. Amekupunguzia tu kazi ya kupiga hesabu.

Dola hatuwezi kuiamuru. Idadi ya watu tunaiweza, na huko ndiko pesa nyingi zinakovuja. Mfanyakazi akiondoka anarudisha funguo za afisi, anarudisha kitambulisho cha kazi, hata kikombe cha chai anahesabiwa. Leseni yake hakuna anayeikumbuka. Inaendelea kulipiwa mwezi baada ya mwezi kwa jina la mtu ambaye yuko Mombasa akifanyia kazi kampuni nyingine. Afisi ya watu 10 ikiwa na majina matatu ya namna hiyo, inatupa karibu theluthi ya pesa zake. Dawa yake ni kama ile ya mwalimu wa darasa: kuita majina. Kila baada ya miezi mitatu mtu mmoja akae na orodha, asome jina moja moja, na asiyeitikia aondolewe.

Ila kuondoa nako kuna masharti, na hapa tafadhali soma polepole. Katika utaratibu ambao Microsoft ilianza kutumia 2022 kwa wanaonunua kupitia mawakala, leseni ya mwezi hadi mwezi ni ghali kuliko ya mwaka kwa asilimia 20. Mtu akiona hivyo hukimbilia ya mwaka. Lakini ukishaagiza ya mwaka una siku 7 za kubadili nia. Zikipita waweza kuongeza watu, huwezi kuwapunguza mpaka mwaka uishe. Sasa fikiria afisi ya uhasibu inayochukua vijana wanne wa ziada kutoka Machi hadi Juni 30, siku ya mwisho ya kupeleka ripoti za kodi kwa KRA. Ukiwanunulia leseni ya mwaka unalipa miezi 12 kwa kazi ya miezi minne. Ukiwanunulia ya mwezi, pamoja na ile asilimia 20, unalipa kiasi cha miezi mitano isiyotimia. Ukipiga hesabu utaona kwamba mtu atakayekaa chini ya miezi 10 anafaa leseni ya mwezi, na atakayezidi hapo anafaa ya mwaka. Kwa hivyo afisi moja inaweza kuwa na aina zote mbili, na si lazima wote wavae shati moja. Aidha, tangu Aprili 2025, mwenye mkataba wa mwaka anayelipa kidogo kidogo kila mwezi ameongezewa asilimia 5, tofauti na anayelipa mwaka mzima kwa mkupuo.

Wengine wana mitego mikali zaidi. Juni 2024 serikali ya Marekani iliishtaki Adobe mahakamani ikidai kwamba kampuni hiyo iliwaficha wateja ada ya kujiondoa mapema. Mpango wenyewe ulionekana kuwa wa mwezi, kumbe ulikuwa wa mwaka unaolipwa kwa mwezi, na aliyejiondoa katikati alitozwa nusu ya malipo yaliyosalia. Mwanafunzi wa usanifu anayejisajili ili amalize mradi wa muhula mmoja na aulize swali hilo kabla ya kutoa namba ya kadi ya mzazi wake.

Nimetaja kadi na majina kwa sababu kuna familia moja ninayoifahamu ambayo ilipata taabu kwa hayo mawili. Ni mzee mmoja mpima ardhi, mkewe anayeshika vitabu vya hesabu, na vijana wachache wa kuchora ramani. Mpwa wa yule mzee, mtoto wa dada yake, ndiye aliyewapangia kompyuta alipokuwa bado chuoni. Alikuwa kijana mwema na mwepesi wa kazi. Kila programu aliisajili kwa barua pepe yake mwenyewe na namba yake ya simu, kwani ndivyo ilivyokuwa rahisi siku ile. Baadaye akapata kazi Doha, familia ikamsindikiza uwanja wa ndege kwa maombi na picha, na maisha yakaendelea.

Yalipita miezi 14. Kadi ya benki iliyokuwa ikikatwa pesa ikamaliza muda wake, malipo yakakataliwa, na maonyo yote yakapelekwa kwa barua pepe ambayo yule kijana hakuwa akiisoma tena. Jumatatu moja asubuhi programu zikafunguka kwa kusoma tu. Ukitaka kubadilisha mstari mmoja wa ramani zinakataa. Wiki hiyo walikuwa na kazi ya kugawa shamba la mirathi, na ndugu waliokuwa wakigawana hawakuwa watu wa subira.

Mzee akapiga simu Doha.

"Mjomba, ingia kwa ile barua pepe yangu, neno la siri nitakutumia," mpwa akasema.

"Nimeingia, mwanangu. Inataka namba za siri zilizotumwa kwa simu."

"Simu gani, mjomba?"

"Hii inayoishia na 41."

Kimya kidogo. "Mjomba, hiyo laini niliiacha ikazima nilipofika huku."

Laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Hiyo ilikuwa imekwenda kwa mama mmoja wa Kitale, ambaye alipopigiwa na mwanamume asiyemjua akiombwa asome namba za siri zilizoingia katika simu yake, alikata simu. Nani angemlaumu? Sote tumeonywa juu ya matapeli wa aina hiyo, na kusema kweli alifanya vyema. Ilichukua siku tisa za kutuma vyeti vya usajili wa kampuni na barua kabla ya mlango kufunguliwa. Ndugu wa mirathi walikuwa wamekwisha kumpelekea kazi mpima ardhi mwingine. Mke wa mzee, alipoingia hatimaye na kuona orodha ya malipo, akakuta wamekuwa wakilipia vijana wawili walioondoka zamani.

Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijui kama walikuwa na kompyuta akilini lakini wangeshinda kesi hii. Daftari lenyewe si lazima liwe la ajabu. Lile la kurasa 96 latosha. Kila programu ipewe ukurasa wake, paandikwe jina lake, imesajiliwa kwa barua pepe ipi, ni leseni ngapi na za akina nani kwa majina, inalipwa kwa kadi ipi, tarehe ya kuhuishwa, na bei yake kwa dola na kwa shilingi siku ulipolipa. Mwaka wa pili andika bei mpya chini ya ile ya zamani. Mwaka wa tatu utaanza kuona inakoelekea, jambo ambalo taarifa ya benki haitakuonyesha.

Barua pepe ya usajili iwe ya biashara, si ya mtu. Laini ya simu iwe ya biashara pia, na ikae ndani ya simu inayolala afisini au nyumbani kwa mwenye mali. Watu wawili wa familia wawe na uwezo wa kuingia, maana ugonjwa na safari havipigi hodi. Tena usingojee tarehe ya kuhuisha ifike. Miezi miwili kabla ndio wakati wa kuuliza bei kwa wakala mwingine, kupunguza watu, au kuhama kabisa. Mambo hayo hayafanyiki siku ambayo pesa zinakatwa.

Kuhama kwenyewe kunahitaji matayarisho, hususan kwa programu za hesabu. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara kuhifadhi rekodi zake kwa miaka 5. Ikiwa vitabu vyako vyote viko ndani ya programu ya kukodi iliyoko mtandaoni na ukaacha kulipa, KRA haitakubali jibu la kwamba mwenye nyumba amefunga mlango. Kila mwisho wa mwezi toa nakala ya ankara, risiti na hesabu zako katika faili zinazoweza kufunguliwa na programu nyingine, na uziweke mahali pako. Na kwa biashara ndogo sana ambayo shida yake ni ankara za eTIMS tu, KRA yenyewe ina njia zake zisizolipiwa. Zijaribu kwanza kabla ya kumlipa mtu anayekuuzia programu kwa sababu ya eTIMS.

Wapo wasomaji watakaosema haya yote ni ya nini, na fundi yuko pale Luthuli Avenue atakayekutilia kila kitu kwa shilingi mia tano. Ni kweli yupo. Tukiacha sheria ya hakimiliki kando kwa dakika moja, fikiria ile nakala haramu imevunjwa kufuli na nani, na alitia nini kingine ndani alipokuwa huko. Mwenye zahanati au wakili ana siri za watu katika kompyuta yake, na tangu Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ana wajibu wa kuzilinda. Zile namba za leseni zinazouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa nazo mara nyingi ni za shule au kampuni fulani ya mbali. Zikigunduliwa huzimwa, na aliyekuuzia humpati.

Kompyuta zilizotumika, ambazo ndizo familia nyingi hununua, zina jambo lake. Leseni ya Windows iliyokuja na mashine kutoka kiwandani huwa imefungwa kwa mashine hiyo. Ikiharibika kabisa, huwezi kuihamishia leseni hiyo kompyuta nyingine, kwa hivyo usimlipe fundi anayekuahidi hivyo. Aidha, Oktoba 14, 2025 Microsoft ilimaliza msaada wake wa kawaida kwa Windows 10, na mashine nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11 kwa kukosa kijisehemu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kwa wenye biashara kuna ada ya kuongezewa muda: dola 61 kwa kompyuta moja mwaka wa kwanza, 122 wa pili, 244 wa tatu. Jumla ni dola 427, karibu Sh55,000 kwa dola ya Sh129. Kwa maoni yangu lipia mwaka wa kwanza ikiwa huna budi, na miezi hiyo 12 uitumie kutafuta mashine nyingine.

Programu zisizolipiwa je? Zipo, na ni halali. LibreOffice, iliyoanza 2010, huandika barua na hesabu, hufungua faili nyingi za Word na Excel, na haina ada ya mtu wala ya mwezi. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani lilitangaza kwamba lingehamishia kompyuta zipatazo 30,000 za serikali yake huko. Lakini mji wa Munich, katika nchi hiyo hiyo, ulianza safari kama hiyo 2003 na mwaka wa 2017 madiwani wakapiga kura kurudi Windows. Leseni ni bure, kuwafundisha watu si bure. Ikiwa mteja wako mkubwa anakutumia jedwali la Excel lenye mitambo ndani yake, jaribu kulifungua kwanza kabla ya kuwahamisha wote. Makarani wanaoandika barua na risiti tu wanaweza kutumia LibreOffice, na mhasibu akabaki na Excel yake.

Kampuni kubwa zina vituko vyake ambavyo sitavichambua leo. Nitataja kimoja tu. Januari 2023 Oracle ilibadili bei ya Java ikaanza kutoza kwa kila mwajiriwa wa kampuni, awe anaigusa Java au haigusi. Kwa bei iliyotangazwa ya dola 15 kwa mwezi, kampuni ya watu 200 ingelipa dola 36,000 kwa mwaka, na miongoni mwa hao 200 ni mlinzi wa lango na mpishi wa chai. Ipo Java nyingine ya bure, OpenJDK, na wengi waliifuata huko.

Nimalizie na wanafunzi, kwani wao ndio mafundi wa kompyuta katika nyumba nyingi. Vyuo vingi huwapa wanafunzi programu bila malipo kupitia barua pepe ya chuo, na Autodesk huwapa AutoCAD mwaka mmoja mmoja maadam wanasoma. Leseni hizo ni za masomo; masharti yake hayaruhusu biashara. Kijana akirudi nyumbani likizo na kumwandikia mama ankara za sare za shule kwa programu hiyo, tayari mama anaendesha biashara kwa ruhusa ambayo si yake. Kisha kijana anahitimu, chuo kinafunga ile barua pepe, na ankara, orodha ya wateja na madeni ya wazazi walioahidi kulipa muhula ujao vimo humo humo ndani. Mwenye mtoto aliye mwaka wa mwisho amwambie avihamishe sasa, angali ana anwani inayofunguka.